Nafasi Juu ya Ithel

Nilikuwa nimechoka kabla hata sijafika langoni mwa kanisa. Ndoo ya chokaa mkono mmoja, kapu la maua mkono wa pili, chupa ya chai kwapani, na kile kilima ambacho utotoni nilikipanda mbio, siku hizi nakipanda kwa vituo. Kituo cha kwanza ni ukuta wa nyumba ya marehemu Gwladys, ambayo sasa ni ya watu wa Birmingham wanaokuja wiki mbili kwa mwaka na kulalamikia kengele. Cha pili ni duka lililofungwa. Cha tatu ni lango lenyewe, kwenye kile kibao cha mawe ambapo wabeba jeneza hutua mzigo wao wakapumzika. Hapo huketi nikipumua, na anayepita huniuliza kama nimeamua kujileta mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya Maua, ndiyo wengine huiita ya Matawi. Hapa kijijini Llandegwel kaburi haliachwi chafu siku hiyo. Unasugua jiwe, unapaka chokaa kingo zake, unapanga maua ya manjano, na asubuhi watu wanaingia ibadani wakipita katikati ya wafu waliopendeza kuliko wao. Zamani kijiji kizima kilikuwa hapa na brashi, tukichunguliana nani kapaka na nani kategea. Sasa walio hai wamehama. Wanapiga simu kutoka Liverpool na Cardiff: "Mallt mpenzi, utatusaidia la mama, eeh?" Mwaka huo nilikuwa nasaidia makaburi ishirini na saba. Wafu wa watu walikuwa wananimaliza, nasema kweli.

La mume wangu huliacha la mwisho. Jiwe lake ni la sleti, halijachakaa hata herufi moja: Ithel Prys wa Cae Haidd. Chini yake imeandikwa, na mkewe, Mallt, kisha pakaachwa patupu pa kutosha mistari miwili. Uwanja wa kanisa letu umejaa miaka mingi. Hazikwi mtu hapa ila mwenye nafasi katika kaburi la jamaa yake. Wengine wanapelekwa makaburi ya halmashauri kule mjini, kando ya barabara kuu, malori yakiwapita kichwani mchana na usiku. Mimi sikuwa na hofu hiyo. Ithel alipofariki nilimwagiza mchimbaji: futi sita, la watu wawili, mimi nitalala juu yake. Hatukujaliwa watoto, na shamba la Cae Haidd nililiuza. Magoti yameisha. Lakini kwa miaka kumi na moja, kila nilipochoka nilijiambia kwamba pale pangu papo, na nikapata nguvu ya kupika hata supu.

Nilikuwa nimepiga magoti nasugua jiwe lake, mvua nyepesi ikininyea, nilipomwona Idwal anakuja kutoka upande wa ukutani. Idwal ndiye mchimba makaburi wetu, miaka hamsini sasa, na alisoma darasa moja na Ithel. Alikuwa amekaa ukutani tangu saa sita mchana akinitazama bila kunyanyua hata brashi. Nilitaka kumsema, ila nikaona kofia yake iko mkononi. Idwal haivui kofia ile hata mvua ya mawe ikinyesha, na Kasisi Lowri alishakata tamaa ya kumwambia aivue ndani ya kanisa.

"Umekuja kusaidia au kusali?" nikamuuliza.

"Shemeji, inuka kwanza."

"Nikiinuka sitarudi chini tena. Sema."

Akaigeuza kofia, akaigeuza tena. "Daktari amenipiga marufuku sepetu. Moyo. Baada ya Pasaka anakuja kijana wa kampuni, ana kile kimashine kidogo."

"Pole. Lakini kwa umri wako, Idwal, ulitegemea wakupe medali?"

"Yule akija kuchimba, kwanza anapima kwa nondo. Anaisukuma chini aone kina."

"Sasa?"

"Sasa siku yako ikifika atapima hapa." Kisha akasema haraka haraka, bila kunitazama, "Hapa hapana futi sita, Mallt. Pana nne, tena kwa kubembeleza. Niligonga mwamba."

Nilimsikia vizuri. Hata hivyo nilimwambia arudie, na alirudia, na mara hii akaeleza yote. Kwamba asubuhi ya mazishi mvua ilikuwa kubwa, kwamba alivunja sururu, kwamba maji yalikuwa yanaingia kuliko anavyoyatoa, na maziko yalikuwa saa nane. Kwamba mwamba ule unaendelea mpaka ukutani, hata angechimba wiki nzima. Saa tano alipanda juu akatandika nyasi za bandia pembeni, watu wasione kina.

"Kwa hiyo juu yake pamebaki kiasi gani?"

"Pa kukufika mapajani tu. Jeneza la pili haliingii."

Nilimrushia brashi. Ilimpata kifuani ikamwachia alama nyeupe, na hakuipangusa.

"Miaka kumi na moja!" nikasema. "Umeniacha nichongeshe jina langu kwenye jiwe! Umeniona nakuja hapa kila wiki!"

"Ndiyo hasa. Nilikuwa nakusikia. Unamwambia, sogea Ithel, nakuja. Unamwambia ulivyochoka. Mimi niko kule nyuma ya kanisa nanoa sepetu. Ningetokea vipi, shemeji? Nikuambie, usimsumbue asogee, hapana pa kusogea?"

Niliketi pale pale kwenye majani mabichi, sketi ikalowa, nikalia. Sikulia hivyo hata siku ya kumzika. Nilijiona kule kando ya barabara kuu, katikati ya watu nisiowajua, na hapa jiwe linadanganya kwamba nipo. Nani angelipaka chokaa kaburi langu kule? Maili kumi na mbili, na basi moja kwa siku.

Idwal naye akaketi, kwa shida, akiegemea jiwe la mama mkwe wangu. Akamimina chai yangu, akanipa, akajimiminia na yeye bila kuombwa.

"Kwa mama yangu pana nafasi," akasema. "Pale chini ya dirisha. Ni pangu, lakini nakuachia. Mimi niende mjini, malori sitayasikia, sikio moja halifanyi kazi."

"Nilale na mama yako? Alikataa kunikaribisha hata chai kwa sababu nilicheka kanisani nikiwa na miaka tisa."

"Atakuwa amesahau."

"Yule? Bado anakumbuka wimbo tuliokuwa tunaimba."

Alicheka, kisha akakohoa. Nilijua anachotaka kusema kinachofuata na nilikuwa namsubiri.

"Kuna njia ya moto," akasema.

"Usithubutu."

Idwal alikuwepo siku ile tulipompeleka shemeji yangu Meurig kule wanakochomea maiti. Pazia lilijifunga lenyewe kwa umeme, kinanda cha kaseti kikalia, baada ya dakika ishirini tukatolewa kwa mlango wa nyuma, maana wafiwa wengine walikuwa wanangoja zamu yao mlango wa mbele. Garini nilimwapisha Ithel kwamba hatanifanyia hivyo kamwe. Alicheka, akasema mimi nimelowa sana maishani, sitashika moto.

Nilimkumbuka akisema vile, mikono yake kwenye usukani, na nikakasirika naye kwa kufa kwanza.

"Linahitaji kina gani?" nikauliza mwishowe. "Hilo sanduku lao."

"La majivu? Mkono mmoja. Udongo wa kutosha upo."

"Wewe uliniambia futi sita."

"Mallt..."

"Neno lako silitaki tena. Chimba nione."

"Sasa hivi? Na daktari?"

"Chimba polepole. Ukifa tutakuzika kwa mama yako."

Alienda akaleta koleo dogo la bustani. Alikata majani karibu kabisa na jiwe, kipande cha mraba, akakiweka pembeni bila kukivunja. Mikono yake haijasahau. Alichimba akiwa amepiga magoti, akipumzika kila baada ya koleo tatu, nami nikihesabu moyoni nikiogopa sauti ya chuma kugonga jiwe. Haikuja. Udongo ulitoka mweusi na laini. Alipofika kina cha mkono mzima alirudi nyuma akaiacha kofia yake kando ya shimo.

"Haya. Tazama."

Macho yangu si ya kutazamia shimo. Nililala kifudifudi, shavu kwenye majani, nikaingiza mkono wote mpaka begani. Vidole vilipapasa chini, huku na huku. Mwamba haukuwepo. Palikuwa na udongo tu, na huko chini hapakuwa na upepo. Tangu waliponishikia mkono nikarusha lile donge la kwanza la udongo, sikuwa nimemkaribia Ithel kiasi kile. Umbali uliobaki kati yetu nadhani ungetosha mkono wake, kama angeunyoosha.

"Mwambie Lowri kesho baada ya ibada," nikasema. "Moto. Kabla sijageuza nia."

"Nitamwambia."

"Na usimwambie kwamba nililia."

"Simwambii." Akangoja. Mvua ilizidi kidogo, na makaburi ishirini na saba yalikuwa meupe pande zote, na la ishirini na nane lilikuwa bado. Mimi sikutoa mkono. Akaniita, na sauti yake ilikuwa imeingiwa na hofu. "Mallt? Umeanguka? Nikuinue?"

"Sijaanguka," nikamwambia. "Nimepumzika. Niache kidogo."