Mzizi Uliopita Chini

Kiriba cha mche kiligoma kunyanyuka. Raheli alikishika kwa mikono miwili, akakivuta taratibu, nacho kiling'ang'ania ardhi kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake sokoni. Alipokaza mkono, kitu kilikatika chini kwa sauti ndogo, kavu. Mzizi wa mparachichi ulikuwa umetoboa nailoni na kuzama kwenye udongo wa tuta. Sasa ulining'inia umechanika, mweupe kama uzi.

"Huu umekaa mno mahali pamoja," alisema Glory, aliyechuchumaa kwenye tuta la pili. "Tungeusogeza kabla ya Pasaka, mama."

"Naona," alisema Raheli.

Bustani ile ya miche iko kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Lushoto. Viriba vyake hunyanyuliwa na kusogezwa mara kwa mara ili mizizi isishike ardhi. Ni kazi ya kuumiza mgongo, isiyo na sifa, na ikiahirishwa haitoi lawama mapema. Mche huendelea kupendeza, majani yanang'aa, mpaka siku ya kuuondoa.

Jumatatu ya wiki ile mwenye bustani, Bwana Khalfani, alikuwa amepiga simu kutoka Tanga. Kulikuwa na nafasi moja ya mafunzo kwenye kituo cha utafiti cha Amani, mwaka mzima, juu ya mbegu za miti ya asili, na gharama angebeba yeye. "Nipe jina, mama Raheli. Yeyote anayeipenda miche. Ijumaa nakupigia."

Jina lilimjia papo hapo, naye akalimeza. Kati ya wafanyakazi wake wote, Glory ndiye aliyekuwa na mkono wa kubebesha, kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine; vikonyo alivyovifunga yeye vilishika. Akiondoka, kazi ya msimu huu ingemwangukia nani? Hiyo ndiyo sababu Raheli aliyojipa. Nyingine ilikaa chini ya hiyo, na hakutaka kuitazama.

Alipokuwa msichana wa shule kule Gare, walipelekwa Amani kwa lori. Wenzake walikumbuka nyani na matope. Yeye alikumbuka chumba kimoja chenye droo nyembamba, na ndani ya kila droo mbegu zilizolala na jina lao. Alirudi nyumbani na harufu ya chumba kile puani. Kisha likaja hili na lile, ndoa, watoto, bustani. Amani haikuhama, ipo ng'ambo ya bonde, na mtu anayetoka asubuhi anaweza kufika kabla ya giza. Hakuwahi kurudi.

Jumatano alimwita Glory ofisini, wakakaa wakitazamana, meza katikati.

"Kazi inaendaje? Kuna tatizo?"

"Hakuna, mama. Nashukuru Mungu."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Glory alitazama viatu vyake, kama afanyavyo mtoto aliyelelewa vizuri mbele ya mkubwa. Jibu lile Raheli alilijua. Alikuwa akilitoa yeye mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwenye kiti kilekile, mbele ya mzee Hassani, msimamizi aliyemtangulia. Mzee alikuwa mpole, hakuwahi kumkaripia mtu. Aliuliza kama kuna tatizo, na Raheli hakuwa na tatizo. Alichokuwa nacho hakikuwa na jina hilo. Mzee alipostaafu, Raheli alirithi funguo, kiti chake na lile swali.

Alhamisi hakumwita mtu. Alichukua kisu, akaenda chini ya kivuli cha wavu, akaketi kwenye benchi la kubebeshea, ubavuni mwa Glory. Emanueli, mmwagiliaji, akasimamisha mpira wa maji.

"Leo bosi kashushwa cheo?"

"Mwache, baba," alisema Glory. "Yuko kwenye majaribio. Akiharibu tunamrudisha ofisini."

Emanueli akaenda zake akicheka. Wawili wale wakachonga vikonyo kwa muda, macho kwenye mikono.

"Jana nilikuuliza vibaya," alisema Raheli.

"Hukuuliza vibaya, mama."

"Nilikuuliza kama kuna tatizo. Leo nakuuliza unataka nini."

Glory alizungusha utepe kwenye kiungo cha mche, akaukaza. Raheli alitamani kuujaza ukimya ule, amtilie msichana maneno mdomoni ili wote wawili wapumue. Akajizuia. Akachukua kikonyo kingine.

"Nikisema utakasirika."

"Na wewe una kisu. Sema."

Glory akahamia Kishambaa, kama mtu anayevua viatu mlangoni. "Naitaka kazi yako."

Kisu cha Raheli kikateleza.

"Sikufukuzi, mama. Nataka kupanga matuta, kuzungumza na wateja, kujua kwa nini tunapanda hiki tunaacha kile. Wewe unaamua, mimi nafunga utepe."

Raheli alicheka, kicheko ambacho hakujua kama bado anacho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Kuna nafasi ya masomo Amani, mwaka mmoja. Nimekuficha tangu Jumatatu."

Glory alifikiri. Hakuonekana kuumia. "Amani mimi nikafanye nini? Nikazungumze na miti? Mimi napenda watu, mama, na kelele za siku ya soko." Akakata utepe kwa meno. "Wewe je, ungeenda?"

Aliuliza bila kuinua macho, kama mtu anayeomba apewe mkasi. Raheli aliweka kisu chini. Hata mume wake hakuwahi kumuuliza hivyo.

Ijumaa aliuchukua ule mche uliochanika mzizi, akaupanda kwenye kiriba kikubwa na kuuweka kivulini. Majani yalikuwa yamelegea. Alikuwa bado ameinama pale simu ilipoita.

"Haya, mama. Jina umepata?"

"Kabla ya jina, Bwana Khalfani, kuna kitu uniulize."

"Nikuulize nini tena?"

"Niulize ninataka nini."

Upande wa pili zilisikika honi za Tanga, na mtu akinadi bidhaa. Raheli aliinua kwa kidole jani moja lililolegea.

"Haya," alisema Khalfani hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unataka nini, mama Raheli?"

Mashariki, ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote. Raheli alifuta udongo mkononi, akahamishia simu sikio la pili, akaanza kumweleza habari za chumba chenye droo nyembamba.