Kilo Tano Zisizokuwepo

...na kumi na tano si ishirini, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, na yeye amekuwa mpima ardhi kwa miaka ishirini na sita, mtu asiyeliamini jiwe la mpaka hadi alipime mara tatu, mtu anayechekwa na vijana wa ofisini kwa sababu hubeba futi hata akienda kununua kitanda, huyo huyo ameuamini uzito wa chuma kitupu cha kuvishia sahani za uzito miezi saba mizima kwa kuwa tu ukutani kuliandikwa kwa chaki, CHUMA KILO 20, basi, akasoma, akajumlisha, akajipiga kifua... "Dakika tatu, mzee," kocha akasema huku akibonyeza saa yake, "na leo ukae kweli, usianze kunyanyuka-nyanyuka," naye akakaa kwenye benchi, viganja vyeupe kwa chaki, pumzi juu juu, akikitazama kile chuma kilicholala sakafuni na sahani zake, kimetulia tu, kana kwamba si chenyewe kilichomuaibisha. Mzee, mzee gani, hamsini na mbili ndiyo uzee? Hiki kibinti kilichostaafu netiboli juzi tu kwa sababu ya goti kinamwita mzee mbele za watu, na asubuhi hii kimeazima mizani ya magunia kwa muuza nafaka wa jirani, kimekipima chuma, kikaja na uso wa mtu aliyebeba habari za msiba, jamani, samahani sana, chuma hiki ni kilo kumi na tano, sijui nani aliandika ile ishirini. Hajui nani aliandika! Kwa hiyo ile mia ya wiki tatu zilizopita, iliyopigiwa makofi na jimu nzima, iliyompa jina, Mzee Mia kaingia, Mzee Mia katoka, ilikuwa tisini na tano, na fundi simu, yule mwenye mdomo usio na breki, hakungoja hata aketi, "Mzee Tisini na Tano, shikamoo!" watu wakacheka hadi wakashika mbavu, naye akacheka pamoja nao, meno nje, hasira ndani.

Angecheka kweli kama ingekuwa jina tu... jina si kitu, jina lingepita. Lakini kesho mchana kaka yake anakuja, anakuja kukaa, na mto wake na dawa zake na fimbo yake, na anakuja kwa sababu ya ile mia, ile mia ya uongo. Maana dada yao alikuwa ameshakata shauri, atamchukua kaka yeye mwenyewe, kwake kuna wanaume wanne wenye nguvu, wewe unaishi peke yako, alisema kwenye simu kwa ile sauti yake ya kufunga mjadala, akianguka tena utamfanyaje, utamtazama? Na kaka hataki kwenda kwa dada, hataki kabisa, kule atakuwa mgonjwa wa nyumba, atalishwa na kufutwa mdomo na kusemewa, alimwambia, mdogo wangu, nichukue wewe, kwako nitakuwa mtu. Ndipo yeye akamtumia dada picha aliyopigwa na fundi simu, chuma mkononi, mishipa ya shingo imetoka, akaandika chini yake, kilo mia hizi, kaka ana tisini na nane, una lingine? Siku ya tatu dada akajibu, haya, mchukue. Tisini na nane! Na alichonyanyua ni tisini na tano, amepungukiwa kilo tatu, kilo tatu ni nini, ni mfuko wa unga na chumvi yake, lakini ndizo hizo hizo zitakazombakisha mtu sakafuni. "Dakika moja imepita," kocha akasema, kisha akageuka kumrekebisha yule mama muuza vitambaa anayechuchumaa na ndoo ya mchanga, "visigino chini, mama, visigino..." Dakika moja tu? Anaichukia hii ya kupumzika, anaichukia kuliko kunyanyua kwenyewe, mtu umekuja kufanya kazi unakalishwa kama uko kwenye foleni ya daktari, siku zote huwa anasimama kwenye mbili, kocha akigeuka tu yeye yuko juu ya chuma, na kocha humgombeza, misuli yako haina haraka yako, mzee, irudishie pumzi yake.

Na hata ile ya sasa hivi, mia ya kweli, baada ya kocha kuongeza vile visahani viwili vya kilo mbili na nusu, vidogo kama vya kuwekea vikombe, alikivamia, akakivuta, chuma kikafika magotini kikagoma, kikarudi chini kwa kishindo hadi mama wa vitambaa akaruka. Umekurupuka tena, kocha alimwambia, kila siku nakwambia, usikivute, kishike, kikaze kidogo kidogo hadi ukisikie, kikiwa tayari ndipo usukume sakafu kwa miguu, mikono yako ni kulabu tu haina kazi nyingine. Kulabu! Anasema kirahisi. Wewe kocha hujawahi kumkuta mtu mzima chini, bafuni, maji bado yanatiririka, shavu limelalia vigae, mtu aliyekufundisha kuendesha baiskeli, aliyekuwa akikubeba mabegani mkiogopa mbwa wa jirani, yuko chini na nguo moja, upande wa kulia umekufa tangu kiharusi, anakutazama kwa jicho la pembeni... utakaza kidogo kidogo? Utakisikia chuma? Unashika popote unavuta. Na yeye alivuta. Alishika mkono akavuta.

Upi? ...aa, achana na hayo. Bega liliteguka kwa kuanguka, ndivyo daktari alivyoandika, ndivyo dada anavyojua, sakafu ilikuwa na sabuni, kaka akateleza, bega likateguka, majirani watatu wakaja wakamnyanyua, mwisho wa habari. Hiyo ndiyo habari, miezi minane sasa, naye akaenda kujiandikisha jimu wiki chache baadaye kwa kuwa hakuwa na nguvu, kosa lake lilikuwa kukosa nguvu, basi, dawa ya kukosa nguvu ni chuma... "Mbili, mzee. Na usithubutu." Kocha hakugeuka hata, anaongea na ukuta huku ameshika mgongo wa yule mama, na yeye kweli alikuwa ameshaanza kuinua makalio, akakaa tena, akakasirika, akavitazama viganja vyake. Mkono wa kulia. Alishika mkono wa kulia, ule uliokufa, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na alipouvuta alisikia, hakuona, alisikia kwenye viganja hivi hivi, bega likitoka mahali pake, na kaka hakupiga kelele, akasema tu sss. Daktari alipouliza imekuwaje, kaka ndiye aliyejibu, kwa ulimi wake mzito, niliangukia bega, akamtazama yeye, akafumba macho. Kaka amembebea hilo miezi minane. Mpima ardhi amepima kila kitu, amepima uzito wa kaka kwa mizani ya zahanati, amepima upana wa mlango wa choo, amepima kimo cha kitanda, lile moja hakuligusa.

Na kabla ya mkono alisema kitu. Kaka alisema kitu pale chini. Alisema nini? Maji yalikuwa yanapiga kelele, yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele zaidi, inuka, inuka kaka, nishike, nishike shingoni, na kaka anasema, midomo imekaa upande, ngoja... ngoja kwanza... mara mbili, hapana, mara tatu, ngoja kwanza, nipate pumzi, na mguu wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unatafuta ukuta, ndiyo, aliuona, kidole gumba kinakwaruza vigae kikitafuta pa kukanyaga, alidhani ni kutetemeka, kumbe mtu alikuwa anajipanga. Alikuwa anataka kusukuma. Mungu wangu. Kaka alikuwa ana mpango pale chini, alitaka nusu dakika na mtu wa kumshika asirudi nyuma, kulabu tu, basi, naye hakumpa hata nusu dakika, kwa sababu aliona haya, ndiyo, haya, hakuweza kumtazama kaka yake pale chini hata sekunde moja zaidi, akataka tu asimame yale yaishe. Sasa hata hicho chuma kingekuwa cha kweli, hata angenyanyua mia na hamsini, kesho kutwa kaka akiteleza tena angefika na nguvu zote hizo na kumvuta bega la pili.

Macho yanamwasha, atasema ni chaki. Hasira bado ipo, hakuna ilipokwenda, ila imegeuka uso, haimtazami tena kocha wala fundi simu wala aliyeandika ukutani. Atampigia dada leo, kabla kaka hajafika, atamwambia bega nilivuta mimi, na ile mia haikuwa mia, dada atafoka, huenda akasema basi kaka haji kwako, ana haki ya kusema, aseme. Na kaka akija kwake, au yeye akimfuata huko kwa dada, jambo la kwanza, kabla hata ya chai, wataketi sakafuni wote wawili, sakafu kavu, mchana kweupe, na atamuuliza, siku ile ulitaka tufanyeje, nionyeshe, mimi nishike wapi. "Haya, tatu!" kocha akapiga makofi, fundi simu akaacha alichokuwa akifanya na kutoa simu tayari kupiga picha, "twende, Tisini na Tano, tuione mia!" na mama wa vitambaa naye akageuka kutazama, na chuma kiko pale pale, sahani zake na visahani vyake viwili, na yeye yuko pale pale kwenye benchi, mgongo umeinama, mikono juu ya magoti. "Mzee?" kocha akasema. "Muda umeisha."

"Ngoja kwanza," akasema. "Nipate pumzi."

Kocha akamtazama kidogo, kisha akaianzisha saa upya.