Zamu ya Kuzaa

Katika wodi ya mifupa ya hospitali moja mjini Daegu, hata mimba ilikuwa na foleni. Hakuna aliyeiandika popote, wala usiulize nani aliianzisha, utaambiwa tu ndivyo ilivyo. Muuguzi akishika mimba hapangwi usiku, na usiku wake hugawanywa kwa wenzake ambao wenyewe wako hoi. Basi wakakubaliana wazae kwa zamu, huyu mwaka huu, yule mwaka ujao, na ole wake atakayeruka foleni. Upuuzi mtupu, ukiniuliza mimi. Lakini watu wanaokula tambi wima, bakuli mkono huu na simu ya wodi mkono ule, hawana nafasi ya kukaa chini wakaupima upuuzi.

Mwaka ule zamu ilikuwa ya Gu Hyang-suk, mkongwe wa wodi, mwanamke aliyekaribia arobaini na mwenye ulimi usiojua kubembeleza. Nyuma yake walikuwapo wawili, ndipo afuate Yun Sol-hwa. Na huyo Sol-hwa wa mkiani ndiye aliyeshika mimba.

Hakukusudia. Mumewe alipoambiwa alicheka na kulia kwa pamoja, naye Sol-hwa akacheka, kisha akaikumbuka foleni. Akaona heri anyamaze. Akaendelea na zamu zake, za mchana na za usiku, kuinua wazee waliovunjika nyonga na kukimbizana na kengele, tumbo kalibana kwa mkanda wa suruali. Siku moja akaona damu. Daktari wa kliniki ya karibu na kwake akampima, akamwambia, "Mtoto yupo bado, ila ukiendelea hivi siwezi kukuahidi kitu. Pumzika." Pumzika! Alitoka pale akaenda moja kwa moja kazini.

Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia, na Sol-hwa alikuwa karibu kuwathibitishia.

Asubuhi moja ikasukumwa wodini ile mashine ya eksirei ya magurudumu, apigwe picha Bibi Tak wa kitanda cha dirishani, ambaye hawezi kukaa wima bila kushikwa. Wauguzi wa pale walishazoea. Huvaa koti zito la madini ya risasi la kukinga mionzi, humshika mgonjwa, maisha yakaendelea. Sol-hwa alilitazama lile koti, akamwachia bibi wa watu mto mgongoni, akatoka mbio mpaka kwenye lifti.

"Wee binti!" Bibi Tak akapaza sauti. "Kwani hilo ni bomu? Mbona unanikimbia?"

Hyang-suk ndiye aliyekuja kumshika. Picha ilipokwisha akavua koti, akamfuata Sol-hwa kwenye lifti, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Tangu lini unaogopa picha?"

"Dada, nilikuwa..."

"Usinitungie hadithi. Una muda gani?"

Sol-hwa akainamisha kichwa. "Wiki ya tisa."

"Na unajua mwaka huu ni zamu ya nani?"

"Yako, dada. Nisamehe. Sikupanga, naapa sikupanga."

Hyang-suk akamtazama usoni, kisha tumboni. "Unatoka damu?"

Sol-hwa akajifunika uso kwa viganja. Hyang-suk akageuka, akakishika kigari cha dawa akakisukuma kwa hasira hata chupa zikagongana. Mchana kutwa hakumsemesha. Ila kila Sol-hwa alipotaka kumgeuza mgonjwa, alimkuta Hyang-suk keshafika, keshamgeuza, keshaondoka. Hilo nalo lilimtia hofu zaidi. Alijiona ameshakuwa mtu asiyetakiwa kugusa kitu, na akajua kwamba jioni ile atapoteza kazi, au heshima, au vyote viwili. Mtoto je?

Ukafika wakati wa makabidhiano. Wanaotoka na wanaoingia walisimama kumzunguka Mkuu Pyo, mama mfupi aliyekuwa na wodi ile tangu rangi ya kwanza ya kuta zake. Wagonjwa wakasomwa mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Bado mmoja," Hyang-suk akasema.

"Nani tena?" Mkuu Pyo akauliza. "Vitanda vimekwisha."

"Yun Sol-hwa. Ana mimba ya wiki tisa na anatoka damu. Asiinue mtu, asipangwe usiku, apewe nafasi ya kula akiwa amekaa."

Sol-hwa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kwa zamu ya nani?" Mkuu Pyo akauliza polepole.

"Yangu. Nimempa."

"Hyang-suk, wewe na umri huo, ukiitoa hii..."

"Mimba haisomi ratiba, mkuu. Tumejidanganya vya kutosha. Nusu ya usiku wake nitabeba mimi. Nusu tugawane. Anayetaka kununa anune sasa, mbele yangu, nimwone."

Wakatazamana. Kutoka nyuma mmoja akasema atachukua Ijumaa, mwingine akasema basi na yeye Jumapili, mradi asipewe na Jumatatu. Mkuu Pyo akavuta pumzi. "Jumamosi niwekeni mimi. Mnanitolea macho ya nini? Nilikuwa nabeba usiku kabla baadhi yenu hamjaota meno."

Katika chumba cha kubadilishia nguo Sol-hwa alimwinamia Hyang-suk, akashindwa kuinuka, kwikwi zimemshika. "Dada, nikushukuru vipi mimi?"

"Inuka, utajikaza tumbo." Hyang-suk alikuwa anavua viatu, hakumtazama. "Miaka minne iliyopita niliruka foleni kama wewe, nikanyamaza kama wewe. Mimba ikatoka humu humu, choo cha watumishi, katikati ya kazi. Nikanawa, nikarudi kugawa dawa."

"Hukupumzika hata siku moja?"

"Ningewaambia napumzikia nini?"

Sol-hwa alikwenda nyumbani na maneno hayo. Siku yake ya mapumziko ilipofika, akaloweka mwani, akaukaanga na nyama kwa mafuta ya ufuta, akauchemsha taratibu mpaka nyumba nzima ikanukia. Akaifunga sufuria kwa kitambaa, akaipeleka wodini saa ya chakula cha mchana, akamkalisha Hyang-suk kwenye kiti na kumwekea bakuli.

"Supu ya mwani?" Hyang-suk akacheka. "Umekosea, siku yangu ya kuzaliwa bado. Na mjamzito ni wewe. Hii anapikiwa aliyezaa."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekupikia. Imechelewa tu miaka minne."

Kicheko kikamkatika Hyang-suk. Akakishika kijiko, akakiweka, akakishika tena. Kengele ya Bibi Tak ikalia, naye kwa mazoea akataka kuinuka. Sol-hwa akamwekea mkono begani. "Kaa, dada. Nakwenda mimi."

Akakaa. Akala, kijiko baada ya kijiko, machozi yakimdondokea bakulini bila yeye kuyafuta.

"Umezidisha chumvi," Hyang-suk akamwambia Sol-hwa aliporudi, akamsogezea bakuli tupu aongezwe.