Shule ya Wasiofika

Nchi ya Rukungwe ilitandaza mabonde yake katikati ya milima miwili iliyopeana mgongo kama majirani waliogombana, na mgeni aliyeingia huko kwa mara ya kwanza hakuona mashamba wala mifugo, aliona kofia. Zilikuwa kofia za ukindu, zimesukwa pete juu ya pete hadi zikawa kama minara, na waliozivaa waliitwa Wenye Kofia, kwa kuwa ukubwa wa mtu katika nchi ile ulipimwa kwa urefu wa kile alichobeba kichwani. Kila mwaka Mwenye Kofia aliongezewa pete moja. Kila mwaka milango ya jumba la baraza ilivunjwa juu na kujengwa upya ili wakubwa wapite bila kuinama, maana kuinama kulikuwa mwiko. Kuvua kofia hadharani kulikuwa mwiko mkubwa zaidi: aliyevua hakuwa mkubwa tena, na kofia yake alivishwa mwingine papo hapo. Mikindu yote, ya bondeni na ya mtoni, ilikuwa yao, ndiyo maana Rukungwe nzima haikuwa na jamvi hata moja. Watu walilala na kula na kuzaa juu ya ardhi tupu, asubuhi wakapanguzana vumbi mgongoni bila kuuliza.

Aliyewazidi wote alikuwa Mtukufu Kidundu. Kofia yake ilikuwa na pete arobaini na moja, na upepo ulipovuma watu wawili walitembea nyuma yake wakiiegemeza kwa miti yenye panda.

Katika nchi hiyo mtoto alipokelewa Shule ya Nchi siku ambayo mkono wake uliweza kupita juu ya kichwa ukashika sikio la upande wa pili. Ilikuwa desturi ya zamani, na haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuja pale Wenye Kofia walipoamua kwamba mtoto apimwe akiwa amevishwa kofia ya kupimia, na kofia hiyo nayo ikawa inaongezwa pete kila mwaka. Watoto wakarefuka, kofia ikarefuka zaidi. Wana wa wakubwa hawakupimwa. Ilisemekana walizaliwa wamefika. Wengine waliitwa Wasiofika, wakapelekwa mtoni kukata ukindu, na ungewajua kwa viganja vyao vilivyochanikachanika.

Bibi Nyamizi alikuwa mfagiaji wa Shule ya Nchi, mwanamke asiyekaa. Hata chai aliinywa akitembea. Kwa miaka kumi na miwili aliwaona watoto wakirudishwa langoni, mkono mmoja bado uko juu ya kichwa, wakienda hivyo hivyo njia nzima kana kwamba sikio lingesogea. Siku moja aliegemeza ufagio ukutani, akaenda nyumbani, akawahamisha kuku wake jikoni, akalipaka banda lao udongo mweupe mpaka harufu ikakubali kuondoka.

Mwaka wa kwanza walikuja watoto saba. Waliandika ukutani kwa mkaa, na jioni Nyamizi aliupaka ukuta upya. Mwaka wa pili walikuwa ishirini na watatu, ukuta ukabomolewa banda likaungana na jikoni. Kuku wakahamia chumbani. Mwaka wa tatu chumba nacho kikaliwa, na kitanda cha Nyamizi kikahamia barazani kikanyeshewa. Kila alipodhani sasa wamefika mwisho, kofia ya kupimia iliongezwa pete na watoto wengine kumi wakasimama uani wakikuna miguu. Vitabu havikuwapo. Kitu pekee kilichoandikwa ambacho mtu angekipata Rukungwe bila ruhusa kilikuwa ni matangazo ya Wenye Kofia yaliyobandikwa mitini, na hayo ndiyo aliyoyabandua akawasomesha. Hivyo watoto wa banda la kuku walijifunza kusoma kwa sheria za nchi, herufi kwa herufi, mpaka wakazijua kuliko waliozitunga.

Mwaka wa nne, mtoni kukabaki watu wazima tu. Ukindu ukapungua. Na Nyamizi, aliyekuwa hatulii siku zote, sasa hakutulia kabisa: alifundisha akichungulia mlangoni, akasimama katikati ya neno, akasikiliza.

Mtukufu Kidundu na watu wake walikuja asubuhi moja, watoto wakiwa ndani. Wazazi walikwisha kusanyika uani. Mafundi walitangulia, wakavunja juu ya mlango ili Mtukufu asiiname, na vumbi likawaangukia waliokaa mbele. Kisha mpimaji wake akapigilia tangazo jipya mlangoni.

"Mama mfagiaji," alisema mpimaji, "umefuga kuku gani hawa wanaosoma?"

"Wale ambao nyinyi mlishindwa kuwafuga, baba."

"Utajibu hivyo hivyo ukirudishiwa ufagio?"

Nyamizi alitazama fimbo mkononi mwa Mtukufu. Alijua desturi: nyumba ya Rukungwe haifungwi mpaka mkubwa mwenyewe aingie na kugonga fimbo yake mara tatu sakafuni. Mara tatu tu, na watoto themanini warudi mtoni.

Mtukufu Kidundu akasogea. Akainua mguu.

"Bibi," sauti ndogo ikatoka ndani, "hajashika sikio."

Alikuwa Kabula, mtoto wa miaka saba, macho yake yakiwa kwenye lile tangazo. Alilisoma kama alivyozoea, kwa kidole hewani: "Kuanzia leo, kila mtu atakayevuka kizingiti cha shule yoyote atapimwa kwanza, kofia ikiwa kichwani, na asiyefika sikio asivuke."

"Wee mtoto, hiyo ni yenu!" alifoka mpimaji.

"Pameandikwa kila mtu, babu. Soma mwenyewe."

Uani mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mguu wa Mtukufu ulibaki hewani, kisha ukarudi chini. Taratibu, kama mtu anayetafuta kitu darini, aliinua mkono. Ulifika pete ya nne. Akajinyoosha, ulifika ya tano. Wale wawili wenye miti wakatazamana.

"Sheria itarekebishwa," alisema Mtukufu.

"Irekebishwe," alisema Nyamizi, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Au uvue, uingie. Kuna nafasi pale kando ya Kabula. Wapya wamefika herufi ya nne, lakini tutakungoja."

Akaurudisha mlango taratibu. Juu ulibaki wazi pale ulipovunjwa, na kupitia uwazi huo ilionekana ncha ya kofia, pete tatu, nne, imesimama tu. Hakuna aliyegonga. Somo likaendelea. Nyamizi alitembea huku na huku kati ya watoto, sikio moja nje, na kila alipoinua macho ncha ilikuwa pale pale, ila alidhani imepungua kidogo. Au jua lilikuwa limesogea.

Kukasikika ukindu ukilialia, kama unaovutwa na upepo, au na vidole.

Utepe mmoja mrefu wa ukindu, bado umejikunja kama pete, ukapenya chini ya mlango. Kabula akauokota, akaupima kwa viganja vyake vyenye makovu. Ukaja wa pili. Akazipishanisha, chini na juu, chini na juu, bila kuambiwa.

"Bibi, zinatosha jamvi?"

"Bado," alisema Nyamizi, akitazama sakafu kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna kukaa.