Kipimo cha Sista Tekla

"Hii mbovu," alisema Sista Tekla, akaufungua mkanda wa mashine ya presha mkononi mwake. Akakata plasta, akaandika MBOVU kwa kalamu nyekundu, akaibandika juu ya kioo.

Wauguzi wa wodi ile walikuwa na desturi ya kuijaribu mashine kwenye mikono yao kila asubuhi kabla ya kuwapima wagonjwa. Namba zao hazikuandikwa popote. Leo ilimletea Tekla mia moja tisini na sita kwa mia moja na kumi na nne, na baada ya miaka ishirini na mbili kazini aliijua mashine iliyochoka akiiona.

Wagonjwa walikuwa thelathini na wanne, wauguzi wawili. Tangu muuguzi wa tatu, Bernadina, ahamishwe, hakuna aliyeletwa badala yake. Zamani Tekla alicheza netiboli, tena kwa ubishi. Siku hizi hata mwendo wa dakika kumi kwenda nyumbani alipanda bodaboda, maana miguu ilivimba mpaka viatu vikagoma. Na bado alihubiri kila kitanda: tembea nusu saa kila siku, punguza chumvi.

"Dada Tekla, ubovu uko wapi?" Restituta, muuguzi mwenzake, alikuwa ameshampima mgonjwa wa kwanza, mzee Sulle wa kijiji cha Getanuwas. "Babu ana mia na ishirini kwa themanini." Akajifunga na yeye. "Mimi mia na kumi kwa sabini. Mashine ni nzima."

Tekla akaketi. Aliogopa, aliogopa kweli.

"Nipime tena."

Namba zilirudi karibu zile zile, zimeongezeka kidogo.

"Nenda kwa daktari sasa hivi, dada. Mimi nitabaki."

"Utabaki na watu wote hawa? Marieta wa kitanda cha saba utamgeuza peke yako?"

"Basi mpigie matroni."

"Nimempigia wiki nzima. Anasema tuvumilie."

Mzee Sulle alikuwa akiwasikiliza. "Mwanangu," alisema taratibu, "juzi nililetwa hapa na namba ndogo kuliko hizo. Ukanikataza hata kuinuka kitandani."

Tekla akabandua plasta kwenye mashine, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sare. Halafu akaenda kitanda cha saba, akainama, akaingiza mikono chini ya mabega ya Marieta. Restituta akashika upande wa pili.

"Tukifika tatu tunanyanyua," alisema Tekla. "Moja. Mbili."

Restituta alimtazama usoni, akasubiri tatu.