Mpira Ndani ya Tangi

Mtaa ulimbatiza Mjuaji kwa sababu, kwa kauli yake mwenyewe, hakuna asilolijua. Mvua ilipokatika alipanda ngazi kutazama tangi lake la kukinga maji ya paa. Lilikuwa limejaa pomoni, lakini maji yalikuwa yanashuka, na nyumbani hakuna aliyekuwa akichota.

Akatega sikio. Ule mpira aliouunga kwenye bomba la mtaa ulikuwa unagugumia. Akazamisha mkono, akaziba mdomo wa mpira kwa kidole. Kidole kikavutwa.

Bomba linafyonza!

Fundi alimwambia wazi siku ya kufunga mfumo: "Maji ya bomba yadondoke kutoka juu, mzee, yasigusane na ya tangi. Bomba likikauka, litafyonza ya kwako." Lakini mdondoko ule ulipiga kelele nyuma ya chumba cha kulala, mkewe akanuna, naye Mjuaji akazamisha kipande cha mpira majini. Kimya! Alijisifu mpaka akachosha watu. Leo asubuhi alifungua koki ya bomba ajazie tangi, akakuta bomba kavu, akaiacha wazi akaenda kupaka paa rangi. Mvua haikungoja rangi ikauke; iliiosha yote ikaingia tangini.

Sasa maji ya rangi yalikuwa yanarudi bombani, na nyumba ya kwanza mteremkoni ni ya bintiye, mwenye kichanga anachokikorogea maziwa ya kopo kwa maji ya bomba.

Akafunga koki, akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. "Pokea, mwanangu, pokea!" Akashuka mbio, ndala mkononi, magoti yakimlaani.

Binti alikuwa kibarazani, mtoto mapajani, chupa ikielekea mdomoni. Mjuaji akaipokonya.

"Baba! Una wazimu?"

"Kashakunywa?"

"Hata tone. Ndiyo kwanza yamepoa."

Akamimina maziwa kiganjani. Yalikuwa meupe pe. Rangi haikuonekana kabisa. Mjuaji akaketi sakafuni akalia bila haya, huku akimweleza yote.

"Tushukuru Mungu," binti alisema kwa sauti ya chini. "Yamwage, baba. Nani atajua?"

Nyuma ya ukuta, kwa jirani, ndoo ilikuwa inajazwa.

Mjuaji akafuta machozi, akaenda kugonga. "Hodi! Msinywe maji ya bomba. Nimeyachafua mimi."

Jirani akamkodolea macho. "Wewe? Mjuaji mzima, hukujua?"

"Niliambiwa," alijibu. "Nikajifanya najua." Kisha akaenda mlango wa pili.