Masaa Manne na Nusu Mpaka Bara

Farasi alimtupa Petero juu ya mawe ya pwani ya Vaihu asubuhi, na jua lilipokaa utosini alikuwa kalazwa katika hospitali yetu ndogo ya Hanga Roa, damu ikimtoka sikioni. Uka, dada yake, alisimama kando ya kitanda na viatu vyake vya shamba. Daktari, kijana wa bara aliyeletwa kisiwani kwa mwaka mmoja, hakuzunguka: damu inajaa ndani ya fuvu, na wa kumpasua yuko Santiago, huko bara.

"Ndege ziko mbili. Ya abiria ipo uwanjani, inaondoka sasa hivi. Rubani kakubali tumlaze juu ya viti, ila haina mashine. Nyingine ni ya wagonjwa, ina kila kitu na daktari wake. Amua wewe, mama."

"Hiyo ya wagonjwa, masaa mangapi mpaka bara?"

"Manne na nusu, upepo ukisukuma."

Binamu yao Hotu, mpakia mizigo wa uwanjani, alikuwa mlangoni. "Hiyo ya abiria atalala katikati ya watalii wanaotafuna kuku, dada. Akikata roho watamfunika blanketi, waendelee na divai yao."

"Funga domo, Hotu. Ataenda na ya wagonjwa."

Ndege ya abiria ikanguruma juu ya paa, ikapotelea mashariki. Uka akaketi kungoja, akimfuta mdogo wake shingo. Sisi tuliozaliwa hapa huuliza hivyo tu: masaa mangapi mpaka bara. Huko ndiko kwenye mahakama, vyuo na meno ya bandia. Ndege kwetu huja kama mvua. Nani huuliza mvua imetoka wapi?

Kivuli kiliposogea ukutani akamfuata daktari. "Mbona hatumpeleki uwanjani?"

"Kufanya nini?"

"Kupanda."

Daktari akamtazama. "Mama, ndege bado iko Santiago. Kuja inapigana na upepo, ni karibu masaa sita. Na haijaruka, kwa sababu kuna ya abiria nyingine juu ya bahari, inakuja huku. Mpaka hiyo itue kwanza."

"Uwanja ni mmoja," Hotu alisema, macho chini. "Ya kwanza ikipasuka gurudumu katikati ya njia, ya pili itatua majini. Nalijua hilo miaka yote, na nimesimama hapa nikichekesha watu."

"Kwa nini hukuniambia, daktari?"

"Uliuliza mpaka bara. Nikajua unajua, wewe ndiye mwenyeji."

Uka hakumtukana. Alirudi kitandani, akamshika Petero mkono mpaka ukapoa, ndege ya wagonjwa ikiwa bado juu ya maji.

Ilitua usiku. Rubani na wauguzi wake walilala kwa mama mmoja jirani, na kesho yake wakaja msibani kwa aibu, wakasimama uani. Majirani walikuwa wamefukua tanuri la mawe ya moto lililofukiwa ardhini, moshi wa nyama umetanda. Kwetu chakula cha msiba hakiliwi na ndugu wa maiti, kwa hiyo Uka hakuonja.

"Tulikuja mbio kadiri tulivyoweza, mama," rubani alisema.

"Najua. Mmekula?"

"Tangu Santiago, hapana."

"Basi kaeni."

Wakakaa, wakala kwa njaa ya watu waliotoka mbali. Uka akasimama nyuma yao, na kila sahani ilipopungua aliwaongezea viazi vitamu kwa mkono wake.